Podikasti: Redio wakati wa kulipa, si redio wakati wa kudai haki

Na Mwandishi Wetu

Studio ya podikasti jijini Dar es Salaam mara nyingi ni chumba cha kulala. Godoro limeegemezwa ukutani kuua mwangwi, feni imezimwa hata kama joto ni la Februari, na maikrofoni mbili zimesimama juu ya meza ya kulia chakula. Bodaboda ikipita nje, wanasubiri ipite. Kila kitu kikiwa tayari linabaki swali moja, na watangazaji huwa hawalipi muda mwingi: tunafungua na wimbo gani?

Unachaguliwa wimbo unaopigwa kila kona wiki hiyo. Mmoja akiuliza kama inaruhusiwa, mwenzake atamjibu kwa uhakika wa wakili kwamba usipozidi sekunde 30 hakuna tatizo. Wengine husema 15. Wapo wanaosema saba.

Hakuna sheria inayosema hivyo. Si ya Tanzania, si ya Kenya, wala ya Marekani ambako uvumi huohuo umezunguka miaka mingi. Mahakama ikiletewa shauri la hakimiliki haishiki saa mkononi. Inauliza umechukua nini, umekitumia kwa kazi gani, na mwenyewe amepoteza nini.

Kwa waandaaji wengi, hofu kubwa iko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na leseni yake. Hofu hiyo ina sababu, tutaifikia. Lakini kinachoweza kuteremsha kipindi usiku wa manane, bila barua wala wito, ni huo wimbo wa kufungulia.

Bila mnara, bila masafa

Neno lenyewe lina umri wa kijana aliyemaliza chuo. Februari 2004 mwandishi Ben Hammersley, katika gazeti la The Guardian la Uingereza, alikuwa akitafuta jina la kuuita mtindo mpya wa kurusha sauti kwenye intaneti, akataja "podcasting" miongoni mwa majina kadhaa. Kazi ya ufundi ilikwisha kufanywa na akina Dave Winer na Adam Curry, waliofunga faili la sauti kwenye mlisho wa RSS ili kipindi kipya kimfuate msikilizaji chenyewe. Juni 2005 kampuni ya Apple ikaingiza podikasti kwenye programu yake ya iTunes, na mlango ukawa wazi kwa kila mtu.

Hilo la mlisho ndilo linalosumbua sheria hadi leo. Redio inadhibitiwa kwa sababu inayoeleweka: masafa ni machache, ni mali ya umma, na anayepewa 98.5 amemnyima mwingine. Podikasti haitumii masafa. Ni faili lililokaa kwenye kompyuta fulani, likisubiri mtu alichukue.

Kwa hiyo imekuwa popo, si ndege wala mnyama. Anapotafutwa wa kulipa ada, mwandaaji huhesabiwa kuwa mtangazaji. Anapoomba unafuu ambao watangazaji wamekuwa nao miaka nenda rudi, huambiwa yeye si redio.

> Hakuna kanuni ya sekunde 30. Haijawahi kuwapo.

Kibali cha redio hakifiki huku

Unafuu huo ndio huu. Kituo cha redio hakimpigii simu kila mwanamuziki kabla ya kucheza wimbo wake. Kinalipia kibali cha jumla kwa chombo kinachokusanya mirabaha, kinacheza, na ripoti ya nyimbo zilizopigwa ndiyo inayotumika kugawa fedha. Baa, hoteli na mabasi nayo yana viwango vyake.

Kibali hicho kinahusu kurusha hewani. Wimbo unapita na kupotea. Kwenye podikasti wimbo unanakiliwa ndani ya kazi nyingine, unaunganishwa na maneno ya watu wengine, kisha unawekwa mahali ambapo mtu wa Muscat au Minneapolis ataupakua leo, mwakani au baada ya miaka kumi. Hizo ni haki tofauti, na kila moja ina mwenyewe.

Wenyewe hao si mtu mmoja. Mashairi na muziki ni mali ya mtunzi, au ya aliyeuziwa na mtunzi. Rekodi uliyoisikia ni mali ya aliyegharamia studio, ambaye siku hizi anaweza kuwa lebo, prodyuza au msanii mwenyewe. Waimbaji na wapigaji wana hakishiriki zao. Mwandaaji anayetaka kutenda haki atabisha hodi nyumba tatu, na hakuna dirisha moja linalompa zote kwa bei ya mtu anayerekodi chumbani.

Wanamuziki wana upande wao, na si dhaifu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliwapa ushindi Hamis Mwinjuma, anayejulikana kama MwanaFA, na Ambwene Yesaya, yaani AY, dhidi ya kampuni ya simu iliyokuwa ikiuza nyimbo zao kama milio ya miito. Fidia iliyoamriwa ilipita Sh2 bilioni, na kesi ikaendelea kupanda ngazi za rufaa. Kabla ya hapo msanii wa Bongo Fleva aliambiwa ashukuru kwa kutangazwa. Baada ya hapo neno "promo" lilipoteza nguvu kidogo.

Hoja ya wasanii ni hiyohiyo kwa podikasti: kipindi kina tangazo la benki katikati, kina mdhamini wa vinywaji, halafu wimbo uliovuta wasikilizaji unaambiwa ni wa bure kwa kuwa ni sekunde chache. Nchini Marekani chama cha wachapishaji wa muziki, NMPA, kilipeleka kwa Spotify mapema 2025 madai ya kuondolewa kwa zaidi ya vipindi 2,500 vya podikasti vilivyokuwa na nyimbo zisizo na kibali. Mashine zinazotambua nyimbo haziulizi kama una wasikilizaji milioni moja au arobaini.

Upo mlango halali, nao haujulikani sana. Ibara ya 10 ya Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994, inaruhusu kunukuu kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, mradi nukuu isizidi lengo lake na chanzo kitajwe. Mchambuzi anayecheza ubeti mmoja ili aonyeshe jinsi gitaa la solo linavyojibizana na sauti ana pa kusimama. Anayecheza ubeti huohuo ili kipindi kichangamke hana.

Siti binti Saad na kalenda mbili

Hapo ndipo wapenzi wa zilipendwa hudhani wamepata njia ya mkato: basi tupige za zamani. Zamani ya sheria si zamani ya masikio.

Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979. Kwa kipimo cha miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, ambacho Mkataba wa Berne unakiweka kama kiwango cha chini na ambacho kimo katika sheria ya Kenya na katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya 1999, tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2029. Marijani Rajab alifariki 1995, kwa hiyo ni hadi 2045. Nyimbo ambazo kila harusi inazijua bado zina wenyewe, na mara nyingi wenyewe hao ni wajane na watoto.

Siti binti Saad ni jambo jingine. Alifariki 1950, hivyo kwa nyimbo alizotunga mwenyewe kipimo cha miaka 50 kilikwisha na karne iliyopita. Rekodi zake za kwanza, zilizofanywa Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya kampuni ya HMV, nazo kwa kipimo hicho zimepita muda kitambo. Mwandaaji wa Unguja anayesimulia maisha ya Siti angetarajia kuzicheza bila wasiwasi.

Lakini podikasti yake, kama zilivyo nyingi, imehifadhiwa kwenye kompyuta za kampuni za Marekani. Sheria iliyopitishwa huko 2018 inazipa rekodi zilizotoka kati ya 1923 na 1946 ulinzi wa miaka 100. Kwa kalenda hiyo, santuri ya Siti iliyotoka 1928 itakuwa huru Januari 2029. Sauti iliyokwisha kuwa mali ya wote Ng'ambo na Malindi bado ina kufuli California.

Hata ndani ya Muungano sheria na ofisi ni mbili. Hakimiliki si jambo la Muungano: Bara ina sheria yake ya 1999 na ofisi iliyozoeleka kwa jina la COSOTA, Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na chombo chake, COSOZA. Mawasiliano, kwa upande mwingine, ni ya Muungano. Watangazaji wawili, mmoja Kariakoo na mwingine Michenzani, wakirekodi kipindi kimoja kwa simu, wana mdhibiti mmoja wa mawasiliano na ofisi mbili za hakimiliki.

> Watangazaji wawili, kipindi kimoja: mdhibiti mmoja wa mawasiliano, ofisi mbili za hakimiliki.

Wanaosoma riwaya hewani

Kundi jingine halitajwi sana, na kwa maoni yangu ndilo lenye wasikilizaji waaminifu kuliko wote: wasomaji wa riwaya. Mtu anafungua kitabu cha Kiswahili kilichokwisha madukani, anakisoma sura baada ya sura, na dereva wa lori anakisikiliza kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam. Ni huduma. Mara nyingi pia ni ukiukaji wa hakimiliki.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962. Kwa kipimo cha miaka 50, vitabu vyake vilitoka kwenye ulinzi mwishoni mwa 2012, na mtu akitaka kusoma Kusadikika yote kwa sauti, uwanja uko wazi. Euphrase Kezilahabi alifariki Januari 2020. Rosa Mistika, iliyochapishwa 1971, itaendelea kuwa na mwenyewe hadi mwisho wa 2070. Kwamba kitabu hakipatikani tena dukani hakubadilishi tarehe hiyo hata kwa siku moja.

Hapa sheria na haja ya wasomaji vimepishana vibaya. Mchapishaji hachapi tena, warithi hawajulikani waliko, na mtu pekee anayekipa kitabu pumzi ni yule anayevunja sheria. Wachapishaji wangeweza kumgeuza mtu huyo mshirika kwa mkataba wa kugawana mapato ya matangazo, badala ya kumwandama au, kama ilivyo kawaida, kutojua kwamba yupo.

Leseni, na swali la habari ni nini

Machi 2018 zilitangazwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Wenye blogu, majukwaa, redio na televisheni za mtandaoni walitakiwa kwenda TCRA. Maombi Sh100,000, leseni Sh1 milioni, ada ya mwaka Sh1 milioni. Hiyo ni Sh2.1 milioni kabla hujanunua maikrofoni. Asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua Sh5 milioni, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Mashirika ya haki za binadamu na wadau wa habari walikwenda Mahakama Kuu Mtwara, na Mei mwaka huo utekelezaji ukasimamishwa kwa muda. Zuio halikudumu mwezi. Juni TCRA ikawapa wasiosajiliwa siku chache, na JamiiForums, jukwaa kubwa kuliko yote nchini, likazimika kwa muda. Wanablogu wengi walifunga kimya kimya.

Julai 2020 zikaja kanuni mpya, zikitenga habari, burudani, elimu na dini katika makundi. Muda wa kuondoa maudhui yaliyokatazwa, ambao 2018 ulikuwa saa 12, ukabanwa hadi saa 2. Marekebisho ya 2022 yalipunguza ada, na mzigo wa leseni ukaelekezwa zaidi kwa wanaotoa habari na matukio.

Ni nafuu ya kweli. Lakini imehamisha tatizo badala ya kulimaliza, maana sasa kila mwandaaji anajiuliza habari ni nini. Vijana watatu wanaobishana kwa saa nzima kuhusu kocha wa Yanga kufukuzwa wanafanya burudani au wanatoa matukio? Dada anayezungumza na daktari kuhusu uzazi, kisha akagusia bei ya bima ya afya iliyotangazwa juzi, amevuka mstari? Mazungumzo ya Kiswahili hayakai chumba kimoja. Yanaanza na mapenzi, yanapitia bei ya sukari, yanaishia bungeni.

Wanaotetea udhibiti wana hoja moja isiyopaswa kubezwa. Gazeti likimchafua mtu, lina mhariri, lina anwani, na lina mahali pa kupeleka wito wa mahakama. Podikasti inaweza kumtuhumu mtu wizi au ugonjwa, ikasambazwa kwa WhatsApp hadi kijijini kwao, na mwenye kipindi asijulikane. Picha na sauti za faragha zimevunja ndoa na ajira. Kwa hilo, kumtaka mwenye kipindi awe na jina na anwani inayojulikana ni jambo la haki.

Ada ya leseni ni kitu kingine. Anwani inaweza kuandikishwa bure. Ukiweka bei kubwa mlangoni, mtukanaji ataendelea kutukana kwa jina bandia kutoka mahali usipomfikia, na atakayefunga ni mwalimu aliyekuwa akifundisha fizikia ya kidato cha tatu.

> Anwani inaweza kuandikishwa bure. Ada kubwa humfukuza mwalimu, humwacha mtukanaji.

Majirani nao wanapapasa. Uganda ilianza 2018 kuwataka wachapishaji wa mtandaoni wajisajili, kwa ada ya dola 20 kwa mwaka, na mwaka huohuo ikaweka kodi ya Sh200 za Uganda kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Kenya haina leseni ya podikasti, ila Mei 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilitangaza kuwa wanaorekodi video za kuonyesha umma wanahitaji kibali, ikitegemea sheria ya filamu na michezo ya jukwaani iliyotungwa 1962, kabla nchi haijapata uhuru. Kwa kuwa podikasti nyingi sasa zinarekodiwa kwa kamera na kuwekwa YouTube, sheria iliyowalenga wenye sinema inamkuta kijana wa mtaa wa Umoja akiwa na simu na taa ya duara.

Kwenye hakimiliki, hata hivyo, Kenya imekwenda mbele kidogo. Marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu wa notisi: mwenye haki analalamika kwa mtoa huduma, nyenzo inatakiwa kuzuiwa ndani ya saa 48, aliyelalamikiwa anaweza kujibu, na kulalamika kwa uongo ni kosa. Yule aliyezoea kupigwa straiki na mashine asiyoweza kuzungumza nayo, hapa angalau ana mahali pa kusema.

Walipotaka kumiliki podikasti yote

Mtu akidhani vita hivi ni vya wimbo mmoja mmoja tu, kisa cha Personal Audio kitamshangaza. Kampuni hii ya Marekani, iliyowahi miaka ya 1990 kujaribu kuuza makala za magazeti zilizosomwa kwenye kaseti, ilipata hataza mwaka 2012 na kudai kwamba njia yenyewe ya kusambaza vipindi vya mfululizo kwenye intaneti ni uvumbuzi wake. Ikaanza kuwashtaki waandaaji, akiwamo mchekeshaji Adam Carolla, aliyechangiwa na wasikilizaji kugharamia mawakili hadi wakamaliza kwa suluhu mwaka 2014.

Shirika la kutetea haki za kidijitali, EFF, lilichukua njia nyingine. Lilichimbua ushahidi kwamba CNN na redio ya taifa ya Kanada walikuwa wakiweka vipindi vya mfululizo mtandaoni kabla ya tarehe ya hataza. Aprili 2015 ofisi ya hataza ikayafuta madai hayo, mahakama ya rufaa ikakubali 2017, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri Mei 2018. Bila hao waliohifadhi kumbukumbu za vipindi vya zamani, huenda kila podikasti duniani ingekuwa na mwenye nyumba anayedai kodi.

Sauti ya mgeni ni ya nani

Waandaaji wenyewe ni wenye haki, na hapa ndipo wengi wamelala. Mlisho wa RSS uko wazi, kwa hiyo mtu anaweza kuchukua kipindi chako, akakikata vipande, akaviweka TikTok na kuvuna watazamaji kuliko wewe. Malalamiko ya namna hii yamejaa. Baadhi ya wanaolalamika wana wimbo wa mtu kwenye dakika yao ya kwanza.

Mgeni naye hupewa chai na maikrofoni, si mkataba. Akibadili mawazo baada ya miezi sita, akataka sehemu aliyozungumzia ugonjwa wa mama yake iondolewe, hakuna karatasi inayosema nani ana neno la mwisho. Tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Kenya ina yake ya 2019, na taarifa za afya za mtu ambaye hakuwapo chumbani si jambo la kupuuza. Ukurasa mmoja uliosainiwa kabla ya kurekodi ungetosha kwa vipindi vingi.

Ukurasa wa pili ungekuwa wa watangazaji wenyewe. Marafiki wakikosana, jina la kipindi linabaki na nani, yule aliyelibuni au yule mwenye nywila? Jina linaweza kusajiliwa kama alama ya biashara, BRELA kwa Bara na KIPI kwa Kenya. Kwa wimbo wa kufungulia, njia nyepesi ni kumlipa prodyuza wa mtaani atengeneze mdundo wa sekunde 20 na kuuhamishia kwako kwa maandishi. Bila maandishi, umemlipa fundi na mdundo umebaki kwake.

Kuna fedha pia, ingawa njia yake haijanyooka. Serikali ya Tanzania imeweka tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi, kuhifadhi na kunakili kazi za ubunifu, ili wabunifu wafidiwe kwa kazi zao kunakiliwa ovyo. Mwandaaji anayenunua kifaa kinachoguswa na tozo hiyo anachangia fungu la wabunifu, hata kama atarekodi sauti yake mwenyewe peke yake. Fungu hilo likigawanywa, ofisi ya hakimiliki itaangalia kazi zinazotambuliwa na wenyewe wanaojulikana, na kipindi kilichorekodiwa chumbani mbele ya godoro kitahesabika iwapo tu mwenyewe amekwenda kukiandikisha.